Klipu ya mwezi: kwa anayeanza kazi kwenye karakana ya silaha Tanga

Mwenye bastola ya silinda atakuuliza mapema tu: "Fundi, hii yangu haiwezi kula risasi za aina nyingine?" Usimjibu kabla hujapima. Risasi kuingia tunduni ni jambo moja, chuma kuistahimili ni jingine, na anayeyachanganya hayo mawili ndiye anayepasua silinda.

Anza na kitako cha ganda. Risasi za asili za bastola hizi, kama .38 Special na .357 Magnum, zina ukingo uliotokeza. Ukingo huo huizuia risasi isizame mbele, tena hukipa kitoleo, kifaa cha kutoa maganda silindani, mahali pa kusukuma. Risasi za bastola za magazini, kama 9 mm na .45 ACP, ukingo wake haukutokeza. Umechongewa mfuo tu. Ukizitia kwenye silinda, kitoleo kinapita hewani. Hapo ndipo inapohitajika klipu: bati la chuma cha springi lenye nafasi zinazouma ule mfuo na kuzibeba risasi pamoja. Ya nusu mwezi hubeba tatu, ya mwezi kamili hujaza silinda nzima. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilipopungukiwa bastola za magazini, viwanda vya Colt na Smith & Wesson walilitengenezea bastola za silinda za .45 ACP zenye klipu za nusu mwezi. Colt za mwanzo hazikuwa na kidaraja ndani ya tundu. Bila klipu risasi huteleza mbele, pini ikapiga patupu.

Mwaka 1920 ikaja risasi ya .45 Auto Rim, yenye ukingo mnene wa karibu milimita 2.3, wakati wa ACP ni karibu 1.25. Unene ulioongezwa unajaza pengo lililoachwa kwa ajili ya klipu. Basi silinda hiyohiyo inakula ACP kwa klipu na Auto Rim bila klipu. Vivyo hivyo bastola ya Smith & Wesson 610 ya 10 mm hupiga pia .40 S&W, fupi kwa takriban milimita 3.6, kwa sababu inayoshikilia risasi ni klipu, si mdomo wa ganda. Ukitumia fupi kwa muda mrefu, pete ya masizi hujijenga tunduni na risasi ndefu zinagoma kuingia. Isugue kwa brashi ya shaba. Usizisukume kwa nguvu.

Wengi hukwama wakitaka bastola ya .357 iweze kula 9 mm. Vipenyo vya vichwa vya risasi vinakaribiana, milimita 9.01 na 9.07, kwa hiyo mtu hudhani atakata nafasi ya klipu tu mambo yaishe. Lakini ganda la 9 mm limepanuka kitakoni, karibu milimita 9.9, na la .357 ni takriban 9.6 moja kwa moja. Haliingii lote. Ukipanua tundu, maganda ya .38 na .357 yatavimba au kupasuka. Jibu safi ni silinda ya pili, kama kiwanda cha Ruger kinavyofanya kwenye bastola yake ya Blackhawk. Ile haihitaji hata klipu, maana kijiti kinasukuma ganda mojamoja.

Webley ya .455, bastola ya jeshi la Uingereza enzi za vita vya 1914, ikija mezani, itazame nyuma ya silinda. Nyingi zilichongwa hapo huko Marekani ili ziweze kula .45 ACP kwa klipu. Shinikizo la ACP ni kubwa kuliko lililokusudiwa kwa chuma kile. Ziwe za kuhifadhi tu.

Klipu yenyewe ikipinda kidogo, silinda inazunguka kwa kukwaruza, kifyatulio kinakuwa kizito na pini inapiga hafifu. Ilaze juu ya kioo: ikicheza pembeni, itupe, usiinyooshe. Kisha ijaze risasi za mazoezi zisizo na baruti, uzungushe silinda taratibu mzunguko mzima. Maganda ya viwanda tofauti yana mifuo tofauti, kwa hiyo klipu inayobana chapa moja inaweza kulegea kwa nyingine. Maganda matupu yatoe kwa kifaa chake cha kusokota. Kuyakongoa kwa vidole ndiko kunakopinda klipu.

Kubadili silinda ni kazi ya fundi mwenye leseni, na kaliba ya silaha iko kwenye kumbukumbu za polisi. Mteja bila kibali, mrudishie bastola yake kama ilivyokuja.

Hewa ya chumvi ya hapa Tanga hula chuma cha springi haraka. Futa klipu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha kikavu kabla ya kujaza, kwani mafuta yakipenya kwenye kiwashio risasi inakufa. Zihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, si ndani ya mfuko wa ngozi.