Sporani ya Kijeshi ya Uskoti: Asili Yake Husomwa Mgongoni

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Edinburgh, na katika mnada wa vitu vya kale nilinunua sporani, yaani ule mkoba ambao Waskoti huuvaa mbele ya kilti, ile sketi ya jadi ya wanaume wao. Ina singa ndefu nyeupe za farasi, vishada viwili virefu vyeusi, na juu yake kipande cha ngozi nyeusi chenye matundu mawili madogo lakini kisicho na nembo. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni ya kikosi cha Black Watch na kwamba ilivaliwa kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mgongoni mwa mkoba pamepigwa alama ya mshale na namba yenye tarakimu saba. Tatu za mwanzo ni 287, na nne zilizobaki zimefutika. Nimeambatanisha picha. Je, nimeambiwa ukweli?

JIBU: Ndugu msomaji, tunashukuru kwa picha zako, hasa ile ya mgongoni, kwa sababu hiyo ndiyo inayotoa ushahidi. Sporani yako si ya Black Watch, na hadithi ya mahandaki haiwezi kusimama. Dalili ulizotuonyesha zinaelekea kwa askari wa cheo cha chini wa Gordon Highlanders, kikosi kilichokuwa na makao yake Aberdeen, katika kipindi cha kati ya vita viwili vya dunia.

Tuanze na vishada, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana kwanza. Mageuzi ya mwaka 1881, yaliyounganisha vikosi vingi vya Jeshi la Uingereza viwili viwili, yaliacha vikosi vitano vya Uskoti vilivyovaa kilti: Black Watch, Seaforth Highlanders, Gordon Highlanders, Cameron Highlanders, na Argyll and Sutherland Highlanders. Kila kimoja kilikuwa na mtindo wake. Askari wa Black Watch walivaa singa nyeupe zenye vishada vitano vyeusi; wa Cameron walivaa singa nyeusi zenye vishada viwili virefu vyeupe; na wa Argyll walivaa singa nyeusi zenye vishada sita vifupi vyeupe. Kwa hiyo kuhesabu vishada tu kunatosha kuiondoa Black Watch, na inasikitisha kwamba muuzaji hakujishughulisha na hesabu nyepesi kama hiyo kabla ya kutaja kikosi maarufu kuliko vyote. Tatizo ni kwamba singa nyeupe zenye vishada viwili virefu vyeusi zilivaliwa na vikosi viwili, Gordon na Seaforth, na kwa kutazama upande wa mbele peke yake hata mtu mzoefu hukwama hapo.

Ndiyo maana tunawasihi wasomaji wetu waigeuze sporani kabla ya kumsikiliza yeyote. Mwaka 1920 Jeshi la Uingereza liliachana na utaratibu wa zamani ambao kila kikosi, na hata kila batalioni, kilikuwa na hesabu yake, jambo lililofanya namba moja iweze kubebwa na askari wengi kwa wakati mmoja. Mahali pake paliwekwa hesabu moja ya jeshi zima, na kila kikosi kikapewa fungu lake. Seaforth walipewa namba kuanzia 2809001 hadi 2865000, na Gordon wakapewa 2865001 hadi 2921000. Namba yoyote ya tarakimu saba inayoanza na 287, ziwe zozote zile nne zilizofutika, inaangukia ndani ya fungu la Gordon. Lau tarakimu ya tatu ingekuwa 6 badala ya 7, ingetubidi tujue na ya nne, kwa sababu mpaka wa mafungu hayo mawili unapita humo.

Namba hiyohiyo inatupa na wakati. Haiwezi kuwa imepigwa kabla ya 1920, kwa kuwa utaratibu wenyewe haukuwapo. Tena, kuanzia Julai 1942 askari wapya waliandikishwa kwanza katika kikosi cha pamoja na kupewa namba za tarakimu nane zinazoanza na 14, hivyo mwenye namba yako aliingia jeshini kabla ya hapo. Tukikumbuka pia kwamba sporani za singa zilikuwa za gwaride na za kutembelea mjini wakati wa amani, na kwamba kilti yenyewe iliondolewa katika mavazi ya vita mwanzoni mwa Vita vya Pili, miaka ya 1920 na 1930 ndiyo inayobaki kuwa na uzito.

Kuhusu mahandaki, picha za miaka ya 1914 hadi 1918 ziko wazi. Kilti ilifunikwa kwa aproni ya kitambaa cha kaki ili rangi zake zisimfichue askari, na singa nyeupe zinazoning'inia kiunoni zingeharibu kazi yote ya kaki hiyo. Sporani za gwaride ziliachwa nyuma. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu vita ile huongeza bei ya kila kitu kinachohusishwa nayo, na wanunuzi wengi hulipia hadithi ambayo kifaa chenyewe kinaikana.

Lipo angalizo moja ambalo lazima tulitoe. Chini ya utaratibu wa 1920 askari alibaki na namba yake hata alipohamishiwa kikosi kingine, kwa hiyo namba huonyesha alikoandikishwa, na si lazima iwe ndiko alikovalia mkoba huo. Hapa ndipo matundu yale mawili yanapokuja kutusaidia. Ichukue sporani mahali penye giza kidogo, shika tochi karibu na ngozi ili mwanga upite kwa ubavu badala ya kuangukia kutoka juu, kisha uinamishe polepole. Ngozi iliyofunikwa na nembo kwa miaka mingi hubaki na weusi wake na mng'ao wake, na ile iliyokuwa wazi huchakaa. Ukiona kivuli kinachokaribia duara, hiyo ni nembo ya Gordon, ambayo ni kichwa cha kulungu ndani ya shada la majani, na neno Bydand chini yake. Ukiona pembe zilizotanuka bila shada la kuzizunguka, na utepe wa maandishi chini, hiyo ni nembo ya Seaforth, yenye maneno Cuidich 'n Righ. Katika picha yako ya tatu tunaona ukingo uliopinda upande wa kushoto, jambo linaloafikiana na shada, lakini jicho lako lililo karibu na ngozi litaona zaidi kuliko letu. Tochi hiyohiyo, ikipitishwa mgongoni, huenda ikazirudisha tarakimu nne zilizofutika.

Mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na kwako unathibitisha tu kwamba mkoba ulitolewa na jeshi, haukununuliwa dukani na raia. Uangalie vizuri hata hivyo: mshale uliozungukwa na herufi C ni wa Kanada, na uliomo ndani ya herufi U ni wa Afrika Kusini, nchi ambazo nazo zilikuwa na vikosi vya kilti vilivyoiga mavazi ya Uskoti kwa karibu sana. Wako hauna herufi yoyote.

Ukishaipata namba nzima, wasiliana na Jumba la Makumbusho la Gordon Highlanders lililoko Aberdeen. Kumbukumbu za utumishi za askari wa miaka hiyo zilikuwa mikononi mwa Wizara ya Ulinzi, na tangu 2022 zimekuwa zikihamishiwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London. Kwa namba kamili unaweza kumfikia mtu mwenye jina, jambo ambalo vifaa vichache vya kijeshi huliruhusu. Hadi wakati huo usiipake ngozi rangi wala dawa ya viatu, kwa sababu dawa huziba michoro ya namba. Singa zitoe vumbi kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia chini na kupanda, na usizitie dawa ya kung'arisha. Umanjano ulio nao ni wa umri.

SWALI: Ninayo sporani iliyofunikwa kwa kichwa kizima cha mnyama mwenye mistari meusi na meupe usoni. Je, ni ya kijeshi?

JIBU: Inawezekana. Huyo huitwa badger kwa Kiingereza, ni mnyama wa Ulaya wa jamii moja na nyegere, na kichwa chake kilivaliwa na maofisa na masajini wa Argyll and Sutherland Highlanders. Hata hivyo raia nao walizivaa sana sporani za namna hiyo, kwa hiyo bila alama ya kikosi au ya serikali usikubali kuiita ya kijeshi. Kwako wewe umri wake una maana nyingine pia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1992 inayomlinda mnyama huyu inamtaka aliye na kiungo chake chochote aweze kuonyesha kwamba hakuuawa kinyume cha sheria hiyo au ile ya 1973 iliyoitangulia. Hifadhi risiti, barua za familia na picha za zamani zinazoionyesha, na usiiuze wala kuisafirisha nje ya nchi kabla ya kupata ushauri wa mamlaka zinazohusika na wanyamapori.