Maswali na Majibu: Kumsoma Mpinzani Kwenye Poka

Jamaa mmoja mezani hutetemeka mikono akiweka dau kubwa. Anaogopa? (Msomaji, Nairobi)

Mara nyingi ni kinyume chake: kapata karata nzuri na msisimko unamzidi nguvu. Anayekutisha kwa dau bila karata nzuri hujitahidi kutulia. Mwaka 2013, Michael Slepian wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walitazama video za wachezaji mahiri. Waliotazama mikono tu walikisia ubora wa karata vizuri kuliko waliotazama nyuso. Acha kumkodolea macho usoni, tazama anavyosukuma chipu zake za dau.

Karata ya mwisho ikifunguliwa, mtu aliyekuwa kimya anaweka dau kubwa ghafla. Nitajuaje kama ananitisha? (Msomaji, Dar es Salaam)

Rudi mwanzo wa mchezo umfuatilie hatua kwa hatua. Hapa kila mtu ana karata mbili za siri, na tano hufunguliwa mezani kwa wote. Tuseme una ree ya shupaza na mfalme wa uru. Umepandisha dau, yeye kafuata, yaani kalipa kiasi hichohicho. Mezani zinafunguliwa mfalme wa kopa, nane ya kopa na tatu ya pau. Unaweka dau, anafuata. Inakuja mbili ya shupaza. Unaweka tena, anafuata tena. Ya tano ni saba ya kopa, na sasa yeye ndiye anayeanzisha dau.

Mwenendo huo unaeleweka: alikuwa na kopa mbili akisubiri nyingine ili zitimie tano, na imekuja. Kama ni mtu aliyefuata tu tangu jioni, mwamini, tupa jozi yako ya wafalme. Najua inauma.

Badilisha karata ya mwisho iwe mbili ya uru. Kopa aliyoisubiri haikuja, na kama angekuwa na jozi mbili au karata tatu za thamani moja (kama nane tatu), wengi wangepandisha mapema ili kukuza kitita, yaani fedha zote zinazogombewa. Hapo ndipo uongo unaponukia, hasa kwa mchezaji anayependa kushambulia kwa dau.

Kisha piga hesabu. Kitita kina shilingi 10,000 naye anaweka 10,000: unalipa 10,000 kugombea 20,000, kwa hiyo inatosha uwe sahihi mara moja katika tatu. Akiweka 5,000, mara moja katika nne. Huhitaji uhakika.

Nina kopa mbili mkononi na mbili zimo kati ya tatu za kwanza mezani. Nifuate? (Msomaji, Mombasa)

Zimebaki kopa 9. Ukiziona karata zote mbili zijazo, una nafasi ya takriban asilimia 35 ya kupata kopa ya tano. Kwa karata moja tu, haifiki 20. Dau likiwa dogo, fuata.

Mtandaoni hakuna sura wala mikono. Kuna cha kusoma? (Msomaji, Muscat)

Kipo kingi: ukubwa wa dau, muda anaochukua, mara ngapi anaingia mchezoni. Mwaka 2019 programu ya Pluribus, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon pamoja na Facebook, iliwashinda wachezaji bingwa kwenye meza ya watu sita bila kuona uso wa yeyote.

Nimepoteza kodi ya nyumba. Nichezeje niirudishe? (Msomaji, hakutaja mji)

Usicheze, ndugu yangu. Mwenye deni hushindwa kutupa karata mbaya, na wenzake mezani huliona hilo haraka. Zungumza na mwenye nyumba leo, na umweleze mtu wa karibu yako unayemwamini.