Ujumbe Uliofichwa Ndani ya Picha: Je, Uko Salama?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilificha ujumbe ndani ya picha kwa kutumia programu, na kwa macho picha ile haikutofautiana hata kidogo na ya awali. Hata hivyo, rafiki yangu niliyemtumia kwa simu hakukuta neno lolote ndani yake. Je, nilikosea wapi? Na mtu mwingine akiipata, hataweza kuusoma ujumbe huo?

JIBU: Ndugu msomaji, kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, hubeba namba tatu, za rangi nyekundu, kijani na buluu, na kila namba huwa kati ya 0 na 255. Programu nyingi za aina hiyo huondoa biti (tarakimu ya 0 au 1 ambayo kompyuta huandikia namba) ya mwisho ya kila namba na kuweka mahali pake biti moja ya ujumbe, hivyo wekundu uliokuwa 200 huenda ukawa 201, tofauti ambayo jicho haliioni. Kwa njia hiyo, picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000 ina nafasi ya baiti 375,000 (baiti moja ni biti nane). Lakini programu za kutumiana ujumbe aghalabu huibana picha upya kwa JPEG, muundo wa faili unaopunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya maelezo ya picha, na ubanaji huo huvuruga zile tofauti ndogo ambazo ndizo zilizobeba maneno yako. Hifadhi picha kwa PNG, muundo usiobadilisha pikseli yoyote, kisha uitume kama faili la kawaida.

Swali lako la pili ni zito zaidi, kwa maana kuficha si kufunga. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, alisisitiza kwamba usalama usitegemee mbinu kutojulikana. Anayeijua programu yako atazisoma biti zilezile kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo, nakusihi uusimbe ujumbe kwanza, yaani uugeuze usisomeke bila nywila, kwa mbinu ya usimbaji kama AES, kwa nywila ndefu mliyokubaliana ana kwa ana, ndipo uufiche.

Hata hivyo, usiijaze picha. Mwaka 1999 watafiti Andreas Westfeld na Andreas Pfitzmann walionyesha kwamba, biti za mwisho zinapojazwa ujumbe, idadi ya namba jirani kama 200 na 201 hukaribia kulingana, jambo ambalo hesabu hulibaini upesi. Ujumbe mfupi, uliotawanywa kwa kufuata nywila ndani ya picha kubwa, ni mgumu zaidi kugunduliwa.

Tumia picha uliyoipiga mwenyewe na ambayo hujamwonyesha mtu, kisha uifute ile ya awali, kwani mwenye nakala zote mbili atazilinganisha pikseli kwa pikseli na kuona kila mahali ulipogusa.