Zima video kabla hujapiga: simu za SIP zilivyonitoa jasho Dodoma

Mama mmoja mwenye ofisi ya nafaka pale Sabasaba alinipigia saa mbili asubuhi, sauti imepanda. "Fundi, hizi simu zako zinapokea vizuri tu, ila nikipiga mimi, kimya. Mzigo uko Kibaigwa, dereva ananingoja!" Simu zenyewe ni za SIP, yaani utaratibu wa kupiga simu kupitia intaneti. Nikadaka bodaboda kutoka Nkuhungu.

Nilipofika nikamwomba apige nikiwa namwona. Akavaa hedifoni, akabofya namba. Hakuna mlio wa kuita, hakuna hata yule dada wa "haipatikani kwa sasa". Nikakodolea saa ya ukutani. Nusu dakika ikapita, sekunde kama mbili zikaongezeka, simu ikajikata.

Hizo sekunde mbili za nyongeza ndizo zilizonishtua. Programu ya SIP ikituma INVITE (ujumbe wa kuomba simu ianze) kwa UDP (njia ya kutuma isiyohakikisha kama mzigo umefika) isijibiwe, huirudia baada ya nusu sekunde, halafu baada ya sekunde 1, 2, 4, muda ukiongezeka maradufu kila mara, na sekunde 32 zikifika inaachana nayo. Nikafungua Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti za mtandao, kwenye kompyuta yake: INVITE 7 zimejipanga, jibu hakuna. Hata ile "100 Trying", ambayo seva huirudisha upesi kukwambia imekusikia, haikuwepo.

Kosa lilikuwa langu. Wiki moja kabla ya hapo mama alitaka aone magunia yakipakiwa bila kusafiri, nami nikamwashia video. Nikaweka tiki kila penye kiboksi: H.264 na VP8, ambazo ni kodeki (njia za kufungasha picha au sauti) za video, kodeki zote za sauti, usimbaji fiche juu yake. Sasa, INVITE hubeba ndani yake SDP, yaani orodha ya mikondo unayoiomba, na kila kodeki inakuja na mistari yake. Ujumbe ukavimba kupita baiti 1500, ambazo ndizo kipimo cha kawaida cha pakiti moja ya Ethernet. Ukakatwa vipande viwili, kimoja kikafa njiani, na kipande kilichobaki peke yake hakimfai mtu. Kujisajili kwenye seva kulikuwa kunafanyika bila tabu kwa sababu ujumbe wake ni mfupi. Kupokea nako vivyo hivyo: aliyepiga ndiye anayeomba, wewe unajibu kwa kuchagua vichache. Kanuni ya SIP yenyewe, RFC 3261, inasema ujumbe ukizidi baiti 1300 na hujui njia inabeba kiasi gani, utumie TCP, njia inayohakikisha kila kipande kimefika. Programu yangu wala haikujali.

Kwa hiyo siku hizi simu inayotoka naiachia iombe sauti peke yake. Video itawashwa watu wakishasalimiana. Kwenye programu nyingi utakuta mipangilio miwili, wa kuanzisha video simu inapotoka na wa kuikubali inapoingia. Zima ule wa kwanza. Na usidanganyike na kitufe cha kufunga kamera: mara nyingi picha inakuwa nyeusi tu, lakini mkondo bado umeombwa na mstari wa m=video, ule unaoomba picha ndani ya SDP, uko pale pale. Kama unaandika programu kwa PJSUA (maktaba ya kuundia programu za SIP), weka aud_cnt, idadi ya mikondo ya sauti, iwe 1 na vid_cnt, ya video, iwe 0 kabla ya kupiga. Kodeki nazo zipunguze. PCMA na nyingine moja nyepesi zinatosha kwa ofisi ya kuuza mahindi.

Kuwasha na kuzima katikati ya mazungumzo kuna mtego wake. Niliwahi kuandika programu ndogo ya kupigia madereva, na mtu akizima video nilikuwa naufuta kabisa mstari wa m=video kwenye INVITE ya pili. Upande wa pili ukawa unaikataa kwa 488, jibu la SIP la "ulichoomba hakikubaliki". Siku mbili nzima nililaumu mtandao. Kumbe mstari ukishaingia kwenye simu hautoki tena mpaka simu ikatwe, wala haubadilishi nafasi yake. Unachofanya ni kuipa poti yake (namba ya mlango wa mkondo) sifuri:

m=video 0 RTP/AVP 96

Ukitaka video irudi, rudisha poti halisi kwenye mstari ule ule. Na kila unapobadilisha chochote, ile namba ya toleo kwenye mstari wa o= wa SDP iongeze moja, maana ukiiacha ilivyo mwenzako anaona hakuna jipya.

Poti sifuri usiichanganye na a=inactive, mstari mwingine wa SDP. Inactive ni kunyamaza kwa muda, mkondo bado upo. Kumweka mtu asubiri ni a=sendonly (natuma tu), na ukimrudia lazima utume a=sendrecv (natuma na kupokea), la sivyo atabaki anakusikia wewe humsikii.

Bando nalo ni hoja, hasa kwa anayepiga kwa hotspoti ya simu yake kama mama huyu umeme ukikatika. Sauti ya PCMA hutumia kilobiti 80 kwa sekunde kila upande ukijumlisha vichwa vya pakiti, sawa na kama MB 1.2 kwa dakika, kwenda na kurudi. Kodeki ya G.729 ni chini ya theluthi ya hapo. Video sina haja ya kukuhesabia, bando litakwambia lenyewe.

Nilipomaliza kupunguza, INVITE ya mama ikashuka chini ya baiti 1000. Akapiga, ikaita mara mbili. "Shikamoo mama." "Marahaba, mko wapi?" Wakaongea mambo ya mizani na ushuru, kisha nikamwonyesha kitufe cha video. Ikapita sekunde moja, turubai la lori likatokea kwenye skrini, na chini yake magunia.

Akasogeza uso karibu. "Hebu shusha simu kidogo. Hayo ya chini mbona yamelowa?"