Maswali yenu: anayenyamaza, anayekwama na anayefasiri

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wazazi wenye watoto katika shule za kimataifa zinazofundisha kwa lugha mbili. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

Binti yangu ana miaka sita na ana miezi mitatu tangu aanze shule. Nyumbani hanyamazi, shuleni hasemi neno. Mwalimu anasema tumpe muda. Tumpe?

Mpeni, lakini mkiwa macho. Mtoto aliyeingizwa katika lugha ngeni mara nyingi hupitia kipindi cha ukimya. Anasikiliza na kukusanya, ila hajawa tayari kutoa. Kinaweza kuchukua wiki chache, kinaweza kuchukua miezi kadhaa. Mwulize mwalimu mambo madogo madogo. Akisema "toeni madaftari," binti anatoa mara moja au anasubiri kumwangalia jirani kwanza? Wakati wa mapumziko anacheza na wenzake? Hadithi ikifika pa kuchekesha, anacheka? Kama ndiyo, huyo anajifunza.

Wasiwasi wangu ni kwa mtoto asiyesema hata katika lugha anayoijua. Kama lugha yenu ya nyumbani ni mojawapo ya zile mbili za shule, basi yupo mwalimu anayeiongea. Akikakamaa hata mbele ya huyo, asinong'one wala asitikise kichwa, tatizo si lugha tena. Ipo hali ya hofu ambayo mtoto huongea vizuri anapojisikia salama na kushindwa kabisa mahali pengine. Wataalamu huanza kuifikiria ikizidi mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule, na hawaiiti hivyo ikiwa sababu ni ugeni wa lugha tu. Hapo mwone mshauri wa shule mapema. Na msimwahidi zawadi "ukisalimia darasani." Si kwamba hataki.

Mwanangu yuko darasa la tatu. Kwa Kiingereza anakosea maneno mengi, kwa Kihispania anapatia lakini anasoma kwa mwendo wa kobe. Tumeambiwa lugha mbili zimemchanganya, tuache moja.

Ushauri huu nimeusikia mara nyingi mno, na sijaupenda hata mara moja. Lugha mbili hazileti disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, na kuacha moja hakuiondoi. Mtoto mwenye disleksia anakuwa nayo katika kila lugha anayosoma, isipokuwa haijitokezi kwa sura moja.

Kihispania, kama Kiswahili, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mtoto akishajua herufi anaweza kulifikia neno lolote, hata akitoka jasho. Ndiyo maana huko dalili kubwa huwa ni kasi. Kiingereza hakina huruma hiyo: "though" na "tough" zinafanana machoni lakini zinatamkwa mbalimbali kabisa, kwa hiyo huko dalili huwa ni makosa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Katika lugha nyingi walisoma sawasawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida. Waliosoma kwa Kiingereza walipatia kama theluthi moja tu, na walikuwa watoto wazima wasio na tatizo lolote.

Unaona basi mtego ulipo. Anayempima kwa Kiingereza peke yake anaweza kumwona mgonjwa ilhali ni mgeni tu wa tahajia, na anayempima kwa Kihispania kwa kuhesabu makosa atasema hana neno. Dai apimwe kwa lugha zote mbili, kasi na usahihi, na mpimaji ajue amesoma kila lugha kwa muda gani. Kabla ya hapo, macho na masikio yakaguliwe. Nyumbani mjaribu bila kitabu: mwambie aseme neno la lugha yenu akiondoa silabi ya kwanza, kama "simba" bila "si," halafu aondoe sauti moja tu ya mwanzo. Hicho si kipimo cha daktari, lakini akikwama sana hata katika lugha aliyoizoea, mwambie mwalimu wa msaada wa kujifunza. Mazoezi ya sauti na herufi yanaweza kuanza wiki ijayo, ripoti itafuata.

Anaongea lugha ya shule kama mzaliwa wa huko. Mbona sayansi inamshinda?

Kwa sababu lugha ya uwanjani si lugha ya kitabu. Jim Cummins, mtafiti wa Canada, alizitofautisha mwaka 1979. Ya mazungumzo watoto wengi huipata kwa takriban miaka miwili, ya masomo huchukua mitano hadi saba kuwafikia wenyeji. Tazama karatasi yake ya mtihani. Mara nyingi jambo lenyewe analijua, ila amekwama kwenye "linganisha," "kadiria," "kwa kuzingatia jedwali." Omba msamiati wa mada kabla ya somo, kisha jadilianeni jambo lenyewe kwa lugha yenu. Shule inayomwondolea mtoto msaada wa lugha kwa sababu tu anapiga soga vizuri imeharakisha.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 15. Nikimweleza mshauri nasaha mambo yangu, atawaambia wazazi?

Marahaba. Kwa kawaida hapana, ila ipo mipaka: ukiwa katika hatari ya kujidhuru, ukitaka kumdhuru mtu, au kama kuna anayekudhuru wewe, lazima awahusishe wengine. Mwulize kabla hujaanza, "yapi huwezi kuyatunza?" Mshauri mzuri hatakasirika, atakujibu moja kwa moja. Halafu, kama shule ina mshauri wa kila lugha, chagua wa lugha unayoitumia ukigombana nyumbani. Mambo mengine hayatoki kwa lugha ya darasani.

Rafiki wa mwanangu anapewa muda wa ziada kwenye mtihani. Si upendeleo huo?

Hapana. Anayesoma polepole kwa sababu ya disleksia anapewa nafasi ya kuonyesha anachojua, na mara nyingi nyongeza ni asilimia 25 ya muda. Haitolewi kwa kuomba tu, kunatakiwa ushahidi, na kwa mitihani mikubwa ya kimataifa maombi hupelekwa miezi mingi kabla. Kama mwanao naye anahitaji, anza mwaka mzima mapema.

Mimi na mume wangu hatuijui vizuri lugha ya pili ya shule. Kwenye kikao cha wazazi binti yetu, miaka 11, ndiye anayetufasiria. Kuna ubaya?

Upo. Mfikirie mtoto anayetakiwa kumtafsiria mama yake maneno "hazingatii darasani." Aidha atapunguza, aidha atajitia aibu mwenyewe, na nyinyi mtatoka bila habari kamili. Mwandikieni mwalimu siku chache kabla, muombe mkalimani mtu mzima, awe hata mwalimu wa darasa lingine. Kama shule inapenda binti awepo, ni vizuri, ila akae kama mwenye shauri, aulizwe yeye mwenyewe anaonaje.