Shangazi Anajibu: "Mama mkwe anawashindisha watoto wangu njaa"

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine mitatu na nusu. Watoto wangu wanachagua sana chakula: mboga za majani hawagusi, maharage wanatema, samaki wanasema ananuka. Wanachokula bila kelele ni chipsi, soseji na tambi. Wiki tatu zilizopita mama mkwe alikuja kutoka Muheza, akavipiga marufuku vyote hivyo. Mtoto akikataa matembele, yeye anafunika sahani na kusema, 'Utakula ukisikia njaa.' Juzi mdogo alilala bila kula, nikalia. Siku hizi hata wakila, wanakula kwake tu, mimi nikiwapa wanagoma. Mume wangu anasema mama yake amelea watoto saba na hakuna aliyekufa. Nimeshamkatia tiketi ya kurudi Muheza Jumapili, lakini sijui nimwambieje bila kumvunjia heshima. Nifanye nini? – Mama Wawili, Tabata, Dar es Salaam."

Marahaba, mwanangu. Pole, kwa kuwa mtoto akilala na njaa, usingizi wa mama nao hauji, na hilo silibezi. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona watoto wasiokula. Mara ya pili nikaona watoto wanaokula vizuri tu, ila si kutoka mkononi mwako. Umeandika mwenyewe kwamba wakila, wanakula kwake. Wanakula nini kwake, ikiwa chipsi zimepigwa marufuku? Wanakula matembele yale yale ambayo mistari michache kabla ya hapo umeapa kwamba hawayagusi. Mama huyu unayemfungashia virago amefanya kwa wiki tatu jambo lililokushinda kwa miaka mitatu, na kinachokuchoma moyo ni wivu. Wivu wa namna hiyo naufahamu, kwa maana na mimi niliwahi kumwonea wivu dada wa kazi ambaye peke yake ndiye mwanangu aliyekubali alishwe naye, lakini usiuvike nguo ya lishe ukaniletea mimi niubariki.

Tuanze na chipsi. Mtoto wa miaka mitatu na nusu hana hela, wala hajui njia ya kwenda kibandani. Hukuniambia kama unafanya kazi, lakini nakisia kwamba unarudi saa moja usiku umechoshwa na foleni, unasikia mafuta yakichemka pale kituoni, moyo unakusuta kwa kutwa nzima uliyokuwa mbali na wanao, basi unawanunulia radhi kwenye mfuko wa nailoni. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe umeshaanza kulia.

Kisha hukuniandikia hata neno moja kuhusu wanachokula kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Tumbo la mtoto ni dogo. Akipewa biskuti saa nne, juisi ya boksi saa tano na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari baada ya hapo, atafika mezani ameshiba, nawe utasema anachagua chakula. Zaidi ya hayo, mtoto akitimiza mwaka mmoja huwa amefikisha uzito wa karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao, lakini akifika umri wa huyu mdogo wako huongeza kilo 2 hivi kwa mwaka mzima, kwa hiyo hamu yake ya kula hupungua kwa maumbile, bila ugonjwa wowote. Mama asiyelijua hilo huingiwa na hofu, na mwenye hofu hukimbilia soseji.

Na hilo neno "ananuka", mtoto amelisikia kwa nani? Sidhani kama ni kwa bibi yake wa Muheza. Chungulia sahani yako mwenyewe kabla ya kuchungulia yake.

Sikuwapo jikoni kwako, lakini naweza kukueleza mkweo anafanyaje. Anaketi juu ya mbuzi kukuna nazi, mkubwa anakaa pembeni akidokoa chicha, mdogo anapewa fungu la matembele avunje vikonyo na kuvuta ule uzi wake mpaka mwisho. Nusu ya majani anayamwaga chini, bibi hasemi kitu. Tui likishatokota, hayo matembele yameshakuwa ya watoto, wameyachambua wao, nao watayaonja hata kwa kiburi tu. Wewe mboga unanunua gengeni zimekwisha kukatwa, unazipika wao wakiwa mbele ya televisheni, halafu unashangaa wakizitazama kama wageni wasiobisha hodi. Nyumba nyingi za wanandoa wa siku hizi zina meza ya watu sita ambayo hailiwi na mtu, kwa sababu baba anakula saa nne usiku na simu yake, mama anaonja jikoni akiwa amesimama, na mtoto analishwa akikimbizwa sebuleni. Mtoto kama huyo ataiga mlo wa nani?

Wataalamu wa lishe wanasema mtoto huweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Nakisia wewe ulikata tamaa mara ya pili. Akitema, usimpigie kelele wala usimbembeleze; kesho kutwa mpe tena kijiko kimoja, pembeni ya wali au kiazi kitamu ambacho tayari anakipenda. Hapo ndipo ninapomsahihisha mkweo kidogo: kufunika sahani ni sawa, na mtoto mwenye afya hadhuriki kwa kukosa mlo mmoja wa usiku, lakini asiambiwe kama anayetishwa, na sahani isiwe na kile anachokikataa peke yake. Mwambie pia, kwa adabu, asiwape chai pamoja na mlo kama ilivyo desturi yetu watu wa pwani, maana majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Heri awakamulie ndimu juu ya mboga, inasaidia.

Mumeo naye asitambe. Kutokufa si kipimo cha malezi: Iringa, mkoa unaolisha wenzake, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na hao wote walikuwa hai. Arudi mapema angalau siku tatu kwa wiki, akae mkekani, ale matembele mbele ya wanawe bila hotuba.

Chukua kadi ya kliniki ya huyo mdogo uangalie mstari wa uzito. Ukiwa unapanda, tulia. Ukiwa umelala au unashuka, au mtoto anakula udongo, anapaliwa mara kwa mara, au viganja vyake vimepauka, mpeleke hospitali wiki hii hii, wala usingoje ushauri wangu wala wa bibi.

Sasa nenda pale ulipokata tiketi, uombe wabadilishe tarehe. Wakikataa, hiyo nauli ihesabu kuwa ni ada, kwa maana Jumapili asubuhi wewe ndiye utakayekaa juu ya mbuzi, mkweo akikuelekeza.