Umbali Mmoja, Saa 31 Kwenda na Saa 6 Kurudi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekata tiketi ya kwenda na kurudi kati ya uwanja wa ndege wa John F. Kennedy, New York, na ule wa Changi, Singapore, bila kutua njiani. Mwezi Julai nitaondoka New York Jumatatu saa 4:30 usiku na kufika Jumatano saa 11:10 alfajiri. Wiki mbili baadaye nitaondoka Singapore Jumatatu saa 5:55 usiku na kufika Jumanne saa 12:00 asubuhi. Inawezekanaje umbali uleule uchukue karibu saa 31 kwenda na saa 6 tu kurudi? Nauliza kwa sababu natumia dawa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku kila siku.

JIBU: Tiketi yako haina kosa. Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za pale ndege inapoondokea na pale inapotua, na mwezi Julai Singapore huwa mbele ya New York kwa saa 12. Ukiondoa saa 12 katika safari ya kwenda na kuziongeza katika ile ya kurudi, utapata saa 18 na dakika 40 kwa kwenda, na saa 18 na dakika 5 kwa kurudi.

Umbali wenyewe ni takriban kilomita 15,300. Kwa kuwa viwanja hivi vinakaribia kuwa pande mbili zinazotazamana za dunia, njia fupi kuliko zote hupita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini: kilomita kama 5,500 kutoka New York hadi kwenye ncha, kisha zaidi ya 9,800 kuteremka hadi Singapore, jambo ambalo ramani ya ukutani huificha kabisa. Ukigawanya umbali huo kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa utapata saa 17, lakini ndege haifuati mstari huo siku zote. Marubani huzunguka ili kukwepa upepo wa mbele au kupata wa nyuma, na muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa.

Kuhusu dawa, tofauti ya saa 12 imekurahisishia mambo, kwani saa 2 asubuhi ya New York ndiyo saa 2 usiku ya Singapore. Utameza dozi moja ndani ya ndege katika kila safari, saa tisa na nusu baada ya kuondoka New York na saa nane hivi baada ya kuondoka Singapore, na dozi inayofuata itakukuta umeshatua. Ziweke dawa kwenye mkoba unaoingia nao ndani. Ukisafiri tena kati ya Novemba na Machi mapema, New York ikiwa imerudisha saa nyuma, tofauti itakuwa saa 13, na hapo mwombe daktari wako akupangie dozi upya.